"Tumeshapima" – Mmepima Nini?



Mfungo Mosi umeingia na harusi zimeanza kufuatana. Maswali tunayoletewa ni yale yale ya kila mwaka: singo ianze siku ngapi kabla, hina ichorwe lini, udi gani unakaa kwenye nguo. Tukimuuliza bi harusi mtarajiwa kama yeye na mwenzake wamepima, anajibu haraka: "Tumeshapima." Tukimuuliza wamepima nini, ananyamaza kidogo. "Si hiyo ya ukimwi?"

Kupima VVU ni jambo jema na hatutaki mtu aliache. Hapa Zanzibar maambukizi yako chini ya asilimia 1 ya watu wazima, kwa hiyo wengi wanaopima hutoka na karatasi nzuri, wakashukuru, wakaendelea kutafuta ukumbi. Lakini karatasi ile imejibu swali moja tu. Haikusema lolote juu ya kaswende, kisonono, klamidia, trikomonasi wala homa ya ini aina ya B. Kila moja ina kipimo chake, na usipokiomba huenda usipewe.

Kwa nini hatukiombi? Sisi tunaona jina ndilo linalotufunga mdomo. "Magonjwa ya zinaa." Utamwambiaje binti aliyejitunza, aliyetoka chuoni na skuli moja kwa moja hadi kwenye posa, akapime magonjwa ya zinaa? Mama yake ataona ametukanwa. Siku hizi wahudumu wa afya husema magonjwa yaambukizwayo kwa njia ya kujamiiana. Jina refu, lakini lina haki zaidi, maana kujamiiana kuna kwa halali pia.

Tuziangalie ndoa zetu zilivyo. Mwanamume wa miaka 40 anayekuja kuposa huenda ameshaoa na kuacha mara mbili, zote kwa walii na mashahidi. Mwanamke aliyeachwa akakaa eda yake kwa heshima anaolewa tena. Eda ina hekima zake, lakini haitibu klamidia. Mke wa pili anaingia katika nyumba ambayo tayari ina mke wa kwanza, na afya ya mmoja sasa ni afya ya watatu. Homa ya ini B mtoto huweza kuipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, au kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine, akakua nayo bila kujua. Na wapo vijana waliozaliwa na VVU, wakanywa dawa zao tangu utotoni, leo wamefika umri wa kuoa na kuolewa. Katika hao wote, zinaa iko wapi?

Basi kwenda kupima si kukiri dhambi. Na kwa kuwa tunajua hofu nyingine iliyojificha nyuma ya hii, tuiseme wazi: vipimo hivi si vya ubikira. Vingi ni vya damu. Klamidia na kisonono hupimwa hata kwa mkojo. Hakuna anayehitaji kumkagua msichana.

Jibu la pili tunalosikia ni "mimi sina chochote." Hapo ndipo penye hatari. Wanawake wengi wenye klamidia hawasikii maumivu wala hawaoni uchafu usio wa kawaida. Vijidudu hupanda polepole hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Miaka mitatu baada ya harusi mtoto hajapatikana, na maneno yameanza: amefungwa, ana jini, ana jicho la mtu. Anapelekwa kwa mganga wa kwanza na wa pili. Mume hapelekwi popote. Kisonono nacho kwa mwanamume mara nyingi hujitangaza, anachomwa akikojoa na usaha unatoka, basi anakwenda duka la dawa kimya kimya, anapewa vidonge, anarudi nyumbani hasemi neno. Mkewe hana dalili na hakupewa dawa. Wiki chache baadaye amemrudishia.

Kaswende ndiyo inayotusikitisha kuliko yote. Huanza na kidonda kimoja kisichouma, ambacho kwa mwanamke kinaweza kuwa mahali asipopaona. Kwa kawaida kidonda kinapona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 bila dawa yoyote, na mtu hudhani yamekwisha. Baadaye huenda ukatoka upele, hata kwenye viganja na nyayo, nao ukaondoka. Kisha ugonjwa unajificha miaka. Ukikutana na mimba unaweza kuiharibu, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa nao. Tiba yake ni sindano ya penisilini, dawa ya miaka ya 1940. Mjamzito hupimwa kaswende akianza kliniki, alhamdulillah, lakini kwa nini tusubiri mpaka mtoto awe tayari tumboni?

Si mambo ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu: klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Yote manne yanatibika yakapona.

Na hapa tuwaseme masomo wetu kidogo, kwa heshima zao zote. Msichana akilalamika harufu au muwasho, anapewa shabu, anaambiwa ajioshe ndani kwa limau, ajifukize. Uke una bakteria wake wazuri wanaoulinda, na kuosha ndani kunawaondoa. Shabu inakausha na kuchubua, na palipochubuka maradhi hupita kwa urahisi. Uchafu wenye rangi au harufu ngeni uende kwa daktari kwanza. Huenda ni fangasi tu, ambao hata si ugonjwa wa kuambukizana kitandani. Singo, udi na viluwa tuachieni, hivyo havina ugomvi na mtu.

Sasa, kupima kwenyewe. Nendeni wote wawili, miezi mitatu hivi kabla ya ndoa. Si wiki ya harusi. VVU vilivyoingia karibuni vinaweza visionekane kwenye kipimo mpaka miezi 3 ipite, kwa hiyo huenda mkaambiwa mrudie. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima kwa kawaida hutolewa mara tatu katika miezi 6, kwa hiyo ni vizuri kuianza mapema. Ombeni kwa majina: VVU, kaswende, homa ya ini B na C, kisonono na klamidia. Hizi mbili za mwisho si kila kituo kinazipima. Vituo vingi hutibu kwa kuangalia dalili, na asiye na dalili ndiye anayekosa. Ulizeni zinapimwa wapi. Seli mundu nayo ipimwe siku hiyo hiyo, ingawa si ya kuambukiza, kwa sababu watoto ndio watakaoibeba. Ikipatikana klamidia, kisonono au kaswende, mnatibiwa wote.

Saudi Arabia imelifanya hili kuwa sharti la ndoa. Kuanzia 2004 walipima seli mundu na thalasemia, na 2008 wakaongeza VVU na homa ya ini B na C. Wapo wanaotaka nasi tuwe na sheria kama hiyo. Sisi hatuna hamu nayo sana. Karatasi ikiwa ya kulazimishwa, mtu ataitafuta kwa njia za uchochoroni, na aliyepatikana na kitu ataogopa kuoa kabisa. Tunapendelea iwe desturi ya nyumba, kama mahari.

Na karatasi isisomwe barazani. Majibu ni ya wawili hao na daktari wao, si ya shangazi wala ya shoga wa bi harusi. Mwenye VVU anayekunywa dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mwenye homa ya ini B, mwenzake anachanjwa. Ndoa inaweza kuendelea, au mmoja akaona hawezi, na hiyo ni haki yake. Wasichoweza ni kufichana. Tumesikia watu wakiita kuficha huko stara. Stara ni kumhifadhi mwenzako asiaibike mbele ya watu. Kumwingiza kitandani hajui ni hadaa. Masheikh wetu hutufundisha kuwa sharia imekuja kuhifadhi vitu vitano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Hapa vimo viwili.

Limebaki la nani aseme. Bi harusi mwenyewe mara nyingi mdomo wake umefungwa, akiuliza ataambiwa mjuaji. Kwa hiyo neno litoke kwa wazee, siku ya kujibu posa, kabla ya kutajwa tarehe. Mjomba aseme tu: "Tumeikubali posa, na watoto wote wawili watakwenda kupima." Wote wawili, ili pasiwe na upande unaoshutumiwa. Upande wa mume wakinuna, waacheni wanune wiki moja. Tarehe haijatajwa bado na mahari haijapokewa.