TUPANDE MAJANI YASIYODAI NDOO

Ndugu Wanakijiji na Wanaushirika,

Katika kikao cha halmashauri ya ushirika lilitolewa shauri kwamba fedha za mfuko zinunue miche ya maua ya mjini, ipandwe mbele ya ghala na ofisi ili pawe na sura. Sura nzuri hatuikatai. Tunachouliza ni hiki: nani atayamwagilia maua hayo Agosti na Septemba?

Mvua hapa kwetu hukatika Mei, hairudi mpaka Oktoba inakwisha au Novemba. Ziwa tunaliona, ni kweli. Lakini ziwa liko chini na sisi tuko juu, na maji ya Tanganyika hayajapata kupanda kilima yenyewe. Yanapandishwa na vichwa vya akina mama na watoto wa kike. Ua linalotaka ndoo mbili kila jioni ni kazi ya mtu, na mtu huyo hakuwapo kwenye kikao.

Ipo mimea ambayo jua halijaiweza. Wa kwanza ni mnyaa. Watu wanaudharau, eti ni ua la masikini. Hebu utazameni vizuri: majani yake ni madogo sana na hupukutika upesi, kazi ya majani inafanywa na vijiti vyenyewe vya kijani, ndiyo maana haupotezi maji ovyo. Mbuzi hawaupendi. Ukishashikana ukawa ukuta, hatuna haja tena ya kwenda kukata fito mlimani. Na vilima vya kando ya Gombe vilivyobaki vitupu tuliviona jamani, mpaka mwaka 1994 mradi wa TACARE ukaanza kupanda miti upya vijijini. Ila utomvu wa mnyaa ni mkali, ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Watoto wasiuchezee, na anayekata asijipanguse uso.

Ndani ya ukuta huo tupande mlonge. Mzizi wake mnene unaweka akiba ya maji. Kiangazi kikizidi hupukutisha majani, halafu unachipua tena. Muhimu ukatwe usawa wa kifua utoe matawi mengi. Ukiachwa unarefuka, mboga inabaki kutazamwa tu. Majani ya ziada yaanikwe kivulini, yatwangwe unga, utiwe kwenye mchuzi.

Sombe tunayo tayari, lakini tunaitumia vibaya. Muhogo ukikosa maji hudondosha majani, hubakiza machache kileleni ili uvumilie. Sasa mtu anakuja kuchuma hata hayo machache, kisha analalamika mizizi imekuwa kama vidole! Tutenge mashina ya pembeni kwa ajili ya majani, shamba la mizizi tuliache lipumue. Na sombe itwangwe na kuchemshwa sana, maana mbichi ina sumu. Mawese na dagaa havitupi shida huku.

Wazee wetu wapo waliokaa kwenye vikundi vya redio mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai, na tena mwaka 1980, Misitu ni Mali. Ukuta wa mnyaa wenye mlonge ndani unayagusa mambo yote mawili, na hauli senti ya mfuko.

Alisema mjumbe mmoja kwamba wageni watatucheka. Wageni wanaokwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 hupumzika chini ya miembe. Hatujasikia aliyeuliza waridi.

Msimamo wa tawi ni kwamba fedha hizo zikatengeneze mzani wa ghala. Vipandikizi vya mnyaa vikatwe urefu wa mkono, vilazwe kivulini siku chache utomvu ukauke, vipandwe mvua za kwanza zikikaribia. Anayetupinga aje mkutano mkuu, na ndoo yake mkononi.

Katibu wa Tawi