CHETI CHA NDOA NI NGAO YA MAMA



Wako wasemao, "Tumeoana kwa mahari, wazee wameshuhudia, cheti cha Bomani cha nini?" Hao wanajidanganya. Wazee hufa, na ushahidi wao huzikwa pamoja nao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikubagua aina ya ndoa. Ndoa ya msikitini, ya kanisani, ya kimila na ya Bomani, zote inazitambua, na zote inataka ziandikishwe. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla ya arusi. Tena inakataza mtu kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake.

Ni kweli, ndoa haibatiliki kwa kukosa kuandikishwa. Lakini mume akiuza nyumba kwa siri, au akifa na ndugu zake wakaja kugawana shamba, mama asiye na cheti atahangaika kutafuta mashahidi, na huku mali inakwenda. Mwenye cheti huonyesha karatasi moja tu.

Nasi twawaambia watumishi wa Serikali: mtu wa Kwamsisi au Magoma akifunga safari mpaka Bomani, asiambiwe "njoo kesho". Ada ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Cheti ni haki, si hisani.

Wanachama, tuanze sisi. Kiongozi asiyeandikisha ndoa yake atamhimiza nani?

Uhuru na Kazi!