AFYA YA FAMILIA: Uvimbe wa Kongosho na Sindano ya Kuuchunguza



Tunapowatembelea wagonjwa wodini na majumbani, mara nyingi tunavutwa pembeni na kuulizwa swali kwa sauti ya chini: "Daktari anataka kumchukua baba kinyama kwa sindano. Turuhusu? Si tunasikia uvimbe ukiguswa unaamka na kusambaa?" Wanaouliza hivyo hawana ujinga. Ni upendo unaowasumbua. Mwezi huu tumeona vema tuwajibu kwa kirefu, tukitazama uvimbe wa kongosho, kiungo ambacho wengi wetu hatukifahamu mpaka kitakapougua.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni tezi laini yenye urefu wa kama sentimita 15, iliyolala kwa kukingama nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mkia wake unafika karibu na wengu. Tezi hii hutoa maji ya kusaga chakula, na pia insulini inayotawala sukari mwilini. Mfereji wa nyongo utokao kwenye ini hupita katika kichwa cha kongosho. Ndiyo maana uvimbe wa sehemu hiyo huweza kuuziba mfereji: macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka na ngozi ikawasha. Uvimbe wa katikati au wa mkiani hauna kelele hizo, hivyo huchelewa kujulikana. Dalili zake ni kukonda, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, na pengine kisukari kinachomzukia mtu mzima ambaye hakuwa nacho.

Dalili hizi zaweza kuwa za magonjwa mengine pia. Lakini mtu mwenye macho ya manjano asikae nyumbani akinywa mizizi wiki baada ya wiki. Apelekwe hospitali.

Kwa nini kinyama kichukuliwe?

Picha ya siti skani huonyesha kwamba kuna uvimbe, mahali ulipo na ukubwa wake. Si kila mara itakuambia ni uvimbe wa namna gani. Saratani ya kawaida ya kongosho ndiyo inayoonekana zaidi, na ni kali. Lakini ipo aina nyingine, inayotokana na seli za kutengeneza homoni, ambayo mara nyingi hukua polepole zaidi. Upo pia uvimbe ambao si saratani kabisa: kongosho kuvimba kwa sababu kinga ya mwili imeligeukia, na ugonjwa huo huponyeka kwa dawa za jamii ya steroidi. Hata kifua kikuu huweza kujificha humo. Magonjwa haya yaweza kufanana katika picha, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Mfano unaojulikana ni wa Steve Jobs wa Marekani, mwanzilishi mmojawapo wa kampuni ya Apple. Mwaka 2003 skani ilionyesha uvimbe katika kongosho lake, na madaktari walimwambia karibu ni hakika kwamba ni saratani isiyotibika, hana miezi mingi. Jioni ya siku ile ile alipitishiwa mpira kooni hadi utumboni, na sindano ikachukua seli chache kutoka kwenye uvimbe. Mwaka 2005 aliwasimulia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kwamba madaktari walipozitazama seli zile katika darubini walitokwa na machozi, kwa kuwa ilikuwa ile aina adimu inayoweza kutibiwa kwa upasuaji. Alipasuliwa mwaka 2004 na aliishi hadi mwaka 2011. Jibu la sindano lilibadilisha habari yote ya nyumba ile.

Hata hivyo, si kila mgonjwa anahitaji kuchomwa sindano. Kama picha ziko wazi, uvimbe unaweza kuondolewa na mgonjwa ana nguvu, daktari wa upasuaji anaweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Lakini kabla ya kumwanzishia mtu dawa za saratani, kinyama ni lazima, kwani dawa hizo ni nzito mno kutolewa kwa kukisia.

Kipimo kinafanywaje?

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi, kisha hupitishiwa mpira mwembamba kinywani hadi tumboni. Mpira huu unafanana na ule wa kupimia vidonda vya tumbo, ila kwenye ncha yake pana kamera pamoja na altrasaundi ndogo. Kwa kuwa kongosho limelala nyuma ya tumbo, altrasaundi hiyo huliona kwa karibu sana, bila kuzuiwa na hewa ya matumbo kama inavyotokea tunapopima kwa juu ya ngozi. Daktari akishauona uvimbe, hupitisha sindano ndefu ndani ya mpira, akatoboa ukuta wa tumbo la chakula au wa utumbo, na kuiongoza hadi ndani ya uvimbe huku akiitazama kwenye skrini. Peter Vilmann na wenzake wa Denmaki walitangaza njia hii kwa uvimbe wa kongosho mwaka 1992.

Sindano zenyewe

Hapa ndipo wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Unene wa sindano hupimwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Zinazotumika hapa ni geji 19, yenye unene wa milimita 1 na kidogo, geji 22, kama milimita 0.7, na geji 25, kama nusu milimita. Mtu angedhani iliyo nene ndiyo bora, maana inabeba nyingi. Lakini sindano nene ni ngumu kupinda. Ili kufikia kichwa cha kongosho mpira hujikunja sana ndani ya utumbo, na sindano ngumu hugoma kutoka pale. Tena sindano nene huweza kuleta damu nyingi, na damu hiyo huzificha seli. Ile ya geji 25 hupita kwa urahisi ila huleta kidogo. Kwa hiyo geji 22 imekuwa njia ya katikati inayotumika mno.

Jambo kubwa kuliko unene ni umbo la ncha. Sindano za mwanzo ni za kufyonza. Fikirini bambo, kile chuma ambacho mnunuzi huchoma kwenye gunia la mahindi ili aone punje. Bambo litakuonyesha punje nzuri au mbovu, lakini halikuonyeshi zilivyopangana kwenye gunzi. Vivyo hivyo sindano ya kufyonza huleta seli zilizotawanyika. Mara nyingi zinatosha kusema "hii ni saratani", lakini si kila mara zinatosha kueleza ni aina gani.

Sindano za kukata huleta kipande chenye mpangilio wake, mfano wa kipande cha gunzi chenye mistari ya punje. Za kwanza za kutumiwa na mpira huu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa za geji 19 na ngumu, zikashindwa hasa kwenye kichwa cha kongosho. Baadaye zikaja zenye mkato pembeni unaokwangua nyama sindano inaporudi. Kisha, katikati ya miaka ya 2010, zikaja zinazokata kwa ncha: moja ina meno mawili kama uma, na nyingine, iitwayo Franseen, ina meno matatu kama taji.

Majaribio yanasema nini? Mwaka 2022 wataalamu walikusanya majaribio 16 yenye wagonjwa 1,934 na kuzilinganisha sindano hizi. Zile za umbo la taji na za umbo la uma ziliongoza, zikizipita za kufyonza na zile za mkato wa pembeni. Mwaka 2024 chama cha Marekani cha wataalamu wa endoskopi kilipendekeza sindano za kukata badala ya za kufyonza kwa uvimbe mgumu wa kongosho.

Lipo jambo jingine linalotugusa sisi wenye hospitali zenye wataalamu wachache. Kwa sindano za kufyonza, ilionekana vema mtaalamu wa maabara akae na darubini chumbani humo humo, aseme kama seli zimetosha. Mwaka 2021 lilitangazwa jaribio la wagonjwa 800 waliochukuliwa kinyama kwa sindano za kukata. Kwa waliokuwa na mtaalamu chumbani, jibu lilikuwa sahihi kwa asilimia 96.4. Kwa wasiokuwa naye, asilimia 97.4. Maana yake ni kwamba sindano nzuri mkononi mwa daktari aliyezoea inaweza kufanya kazi hata pale ambapo mtaalamu huyo hayupo.

Je, sindano hueneza saratani?

Sasa turudi kwenye hofu ile ya pembeni mwa kitanda. Imewahi kutokea seli za saratani zikabaki kwenye njia ya sindano, hasa uvimbe wa katikati au wa mkiani unapochomwa kupitia tumbo la chakula. Lakini ni nadra sana. Uvimbe wa kichwani huchomwa kupitia sehemu ya utumbo ambayo, upasuaji ukifanyika, kwa kawaida huondolewa pamoja na uvimbe. Madhara mengine ni kutokwa damu, kongosho kuvimba au maambukizo, nayo huwapata wachache kati ya kila wagonjwa 100. Saratani hii husambaa kwa sababu ni kali na hugunduliwa kwa kuchelewa. Tumeona mengi yakiharibika kwa kungoja kuliko kwa sindano.

Ya kukumbuka nyumbani

1. Mwelezeni daktari dawa zote anazotumia mgonjwa, hasa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na dawa za kisukari. Asiziache mwenyewe bila kuambiwa.

2. Afunge kula na kunywa kwa saa alizoelekezwa. Baada ya kipimo asiondoke peke yake wala asiendeshe gari siku hiyo, kwa ajili ya usingizi wa dawa.

3. Akipata maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, arudishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

4. Ulizeni: Kinyama hiki kitabadilisha matibabu? Mtatumia sindano ya kufyonza au ya kukata? Majibu yatatoka lini, na nani atatueleza?

5. Sindano hizi hutumika mara moja tu na ni za gharama. Ulizeni bei na bima mapema. Kama hospitali haina mpira wa namna hii, zipo njia nyingine, kama kuchoma kupitia ngozi kwa kuongozwa na altrasaundi au siti skani. Msiuze shamba kwa ajili ya jina la sindano kabla ya kumsikiliza daktari.

6. Jibu likisema "hakuna saratani iliyoonekana", msifanye sherehe bado. Pengine sindano haikugonga mahali penyewe. Kama picha na dalili bado zinatia shaka, kipimo hurudiwa.

Akina mama, mara nyingi sisi ndio tunaobeba faili, tunaopanga foleni na tunaotunza siri za wagonjwa wetu. Basi tubebe na maswali pia, tuyaandike kwenye karatasi kabla ya kuingia kwa daktari. Mgonjwa naye aelezwe kwa upole kinachofanyika mwilini mwake, kwa maana ni mwili wake.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema katika nyumba zenu.