Kompyuta ya Ndiyo Mzee

Naanza kwa kukiri, nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole huku changu nimekificha: sifuri ile niliiandika mimi.

Kwenye kompyuta za Linux kuna faili dogo linaloitwa /etc/fstab. Kila mstari wake unataja sehemu moja ya diski, na mwisho wa mstari kuna tarakimu. 1 ni ya sehemu inayobeba mfumo wenyewe: ikaguliwe kwanza. 2 ni ya sehemu nyingine: zikaguliwe baadaye. 0 maana yake isikaguliwe kabisa. Seva ya maabara ninakosomea shahada ya uzamili ilikuwa imepangiwa ukaguzi kamili kila baada ya kuwashwa mara kadhaa, na kwa jinsi umeme unavyokatika mtaani kwetu, mara hizo hazikukawia kutimia. Siku moja wageni walikuwa wamekaa, projekta inawaka, seva bado inahesabu asilimia. Jioni yake nikafuta 2, nikaandika 0. Nikaongeza na neno quiet kwenye mipangilio ya kuwasha, ili yale maandishi meupe yasionekane tena. Seva ikawa inawaka chapchap. Nikapongezwa.

Sasa nataka kugombana na pongezi zile.

Unix ilianza mwaka 1969 Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Tangu zamani mfumo huu una tabia moja: ukihifadhi kitu, haukiandiki diskini papo hapo. Hukiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ukakiandika baadaye, maana diski ni nzito kuliko kumbukumbu. Umeme ukikatika katikati, hesabu za diski hazilingani. Ndiyo maana ikaja fsck, programu iliyoandikwa na T. J. Kowalski wa Bell Labs, kisha Marshall Kirk McKusick akaifanyia kazi zaidi kwa ajili ya Unix ya Berkeley.

Toleo lake la ext4 hupita diskini kwa hatua tano. Kwanza hukagua inodi, yaani kadi zinazoeleza kila faili lina ukubwa gani na vipande vyake viko wapi. Pili hukagua saraka, ambamo majina huandikwa. Tatu huhakikisha kila saraka inafikika kutoka kwenye mzizi. Nne huhesabu kila faili limetajwa mara ngapi. Tano hulinganisha orodha ya vipande vilivyo wazi na hali halisi.

Na kuna adabu moja ninayoipenda. Kwa desturi, sehemu ya mzizi hupachikwa kwanza kwa kusoma tu. Inakaguliwa. Ikionekana salama, ndipo mfumo unajiruhusu kuandika. Kosa likiwa kubwa, kazi inasimama na mtu anaitwa aje ajibu mwenyewe, swali kwa swali: nirekebishe hiki, ndiyo au hapana?

Wenzangu wataniambia hayo ni ya wazee. Siku hizi ext4 ina daftari la kumbukumbu, mabadiliko huandikwa humo kwanza, umeme ukirudi yanakamilishwa kwa sekunde chache. Kweli kabisa. Lakini daftari hilo linalinda kazi iliyokatizwa. Halikulindi na diski inayozeeka, kebo iliyolegea, wala kumbukumbu yenye hitilafu. Tena kwa mpangilio wa kawaida huandika habari kuhusu mafaili tu. Yaliyomo ndani ya mafaili hayamo.

Yetu ilikuwa diski inayozeeka. Kiini cha Linux kiliona kosa, kikaweka alama, na kila tulipowasha kilitoa onyo kwamba kinapachika diski yenye makosa na ukaguzi unapendekezwa. Kilimwambia nani? Ukaguzi nilikuwa nimeufuta, na maandishi nimeyazima. Kwa wiki kadhaa tuliendelea kuandika juu ya diski ambayo haikujua tena kipande kipi kiko wazi na kipi kina mwenyewe.

Tulipogundua, nilifanya kosa la pili. Maswali ya fsck yalikuwa mamia, nami nikachoka kujibu. Nikaiendesha kwa -y, ambayo huitikia ndiyo kwa kila swali. Ndiyo mzee, futa. Ndiyo mzee, hamisha. Ilipomaliza ikatangaza kwamba diski ni safi. Ndani ya lost+found kulikuwa na mafaili mengi yasiyo na majina, namba tupu, maana saraka zilizobeba majina yao zilikuwa zimepotea.

Mwenzetu wa isimu alikuwa amehifadhi humo rekodi za wazee wa kijijini kwao, na nakala nyingine hakuwa nayo. Ilibidi asikilize faili moja moja ili ajue ni nani anayeongea. Katika rekodi moja, mzee anasimulia msiba wa kaka yake. Katikati ya sentensi anaingia bibi wa kijiji kingine, anaeleza namna ya kukausha mihogo, kwa muda kama nusu dakika. Kisha mzee anarudi, msiba umeshafika makaburini. Mafaili mawili yalikuwa yamegawiwa vipande vilevile, na aliyeandikwa mwisho ndiye aliyebaki. Mzee huyo ameshafariki. Kwa mujibu wa fsck, faili lile halina kasoro, kwa sababu fsck hukagua rafu na lebo, vitabu haisomi.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaojisifu kwamba mashine zenu zinawaka kwa sekunde nane: hizo sekunde mmezipata wapi? Kama ni kwa diski bora, hongereni. Kama ni kwa kunyamazisha anayekagua, deni hilo atalipa mtu mwingine. Seva yenu ni kubwa na ukaguzi unachukua saa nyingi? Upangieni usiku wa kuamkia Jumapili, lakini upangiwe. Fsck ikiuliza maswali mengi, iendesheni kwanza kwa -n, inayosoma bila kugusa chochote, na chukueni nakala ya diski nzima kabla ya kusema ndiyo hata moja. Nakala ya data nayo ikae pengine, maana diski safi na data salama ni vitu viwili.

Nimerudisha ile 2. Neno quiet nimelifuta. Juzi umeme ulikatika tena, na mgeni mmoja akaniuliza mbona mashine yetu inachelewa. Nilimwambia inajikagua. Akavuta kiti, tukawa tunasoma pamoja.