Dawa Iliyopoteza Nguvu Haimwokoi Mzazi

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi hupata riziki yangu kwa kuyachunguza maneno, na si desturi yangu kuzibeza methali. Hii moja, hata hivyo, imetupumbaza. Kuzaa ni kazi, na humu nchini ni kazi inayoua. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kina mama 355 walifariki kwa sababu za uzazi.

Lawama hizi hatuwezi tena kumtwika mama mwenyewe. Kwa miaka mingi tulimhimiza aende akajifungulie hospitalini. Mnamo Juni 2013 serikali ikaondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Mama akaitikia wito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 82. Mama ametimiza wajibu wake. Swali ni je, akishafika huko anakuta nini?

Chukua mfano wa oksitosini, dawa ambayo mzazi hudungwa mara tu mtoto anapozaliwa. Kazi yake ni kuukaza mji wa mimba ili mishipa ya damu iliyoachwa wazi kondo linapobanduka ipate kubanwa. Mji wa mimba usipokaza, mama huweza kuvuja damu hadi akafa katika muda wa saa chache. Dawa hii ni ya bei nafuu, nayo imeokoa maisha ya wengi. Ila ina udhaifu mmoja: haistahimili joto. Yapaswa kuwekwa katika jokofu, kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, tangu kiwandani hadi mkononi mwa mkunga. Ikikaa kwenye joto, nguvu zake hupungua kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kuitambua. Kichupa ni kile kile, maji yaliyomo ni maangavu vile vile. Mkunga atadunga sindano kwa imani, na damu itaendelea kutoka.

Hapa ndipo taaluma yangu inapokutana na wodi ya wazazi. Zipo oksitosini zinazouzwa zikiwa na vibandiko vinavyosema ziwekwe kwenye jokofu, na zipo nyingine ambazo vibandiko vyake huruhusu nyuzi 25 au hata 30. Dawa ni ile ile, maneno yanakinzana. Je, mtunza bohari aliye Lodwar au Garissa aamini lipi? Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa taarifa ya pamoja wakisisitiza kwamba oksitosini yote iwekwe kwenye jokofu. Fauka ya hayo, maandishi hayo aghalabu ni ya Kiingereza cha kitaalamu. Muuguzi atayaelewa, naam. Lakini dawa haisafirishwi na muuguzi peke yake. Kuna dereva wa lori, mpakuzi wa masanduku, bawabu, na yule mfanyakazi anayechomoa waya wa jokofu ili apate kuchaji simu. Sentensi moja ya Kiswahili sanifu juu ya kila sanduku, "Weka kwenye jokofu, usigandishe," ingewafikia wote hao. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi na kitumike pale ambapo uhai umo hatarini.

Yamkini msomaji atauliza kama kuna njia nyingine. Ipo. Kabetosini isiyoharibiwa na joto ilijaribiwa kwa takriban wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba katika kuzuia uvujaji wa damu haikuachwa nyuma na oksitosini. Lakini dawa hiyo ni ya kuzuia tu. Damu ikishaanza kumwagika, oksitosini bado yahitajika. Kwa hivyo jokofu halikwepeki.

Tena dawa nzuri pekee haitoshi. Aghalabu damu hukadiriwa kwa macho, na macho hudanganya. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2023, ulitumia mfuko wenye alama za vipimo unaotandikwa chini ya mama ili kuikinga damu. Ilipopita kiwango, mama alipewa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri. Hatari ya uvujaji mkubwa, upasuaji wa kuukomesha au kifo ilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki na utaratibu, basi!

Najua watakaosema kwamba kaunti hazina fedha. La hasha! Aliyenunua dawa rahisi ikaharibika hajaweka akiba. Atalipa tena kwa damu ya kuongezewa, kwa ambulensi, kwa upasuaji, na pengine kwa mtoto anayebaki yatima.

Nionavyo mimi, kila kaunti yaweza kuanza na mambo matatu: kutonunua oksitosini isiyotaka jokofu kwenye kibandiko chake, kuihifadhi pamoja na chanjo za watoto, ambazo tayari zina majokofu na watu wa kuyasimamia, na kuhakikisha kwamba damu ya kila mzazi inapimwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo. Haki hiyo haikamiliki mlangoni mwa hospitali. Magavana wanaopenda kutuonyesha majengo mapya ya wodi za wazazi, sasa na watufungulie majokofu tuone yaliyomo.