Wazazi wa Mollo, Tuwaruhusu Watoto Uwanjani

Ndugu zangu wazazi wa Mollo, sina ugomvi na hofu yenu. Anayemkataza bintiye kubaki shuleni baada ya masomo hamchukii. Anawaza njia ndefu ya mashambani, giza, na mimba ya kukatisha masomo. Na mwenye ng'ombe wa kurudisha zizini huona kila saa ya mpira ni mkono uliopungua nyumbani. Michuano ya shule za sekondari, UMISSETA, nayo mara nyingi huja Juni, mahindi yakiwa yamekauka yanangoja mvunaji. Yote hayo ni kweli.

Lakini tuulizane: kijana wa miaka 15 tuliyemnyima uwanja saa tisa, saa kumi yuko wapi? Tunasema yuko nyumbani. Nani amemwona? Saa hiyo wengi wetu tuko shambani, au Sumbawanga mjini sokoni. Mwenzake aliyebaki kucheza ana mwalimu mwenye filimbi, na asipoonekana wenzake watamwulizia.

Wapo wasemao michezo huua masomo. Lakini mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui, mbio zilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, kule Marekani, na mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Na uwezo tunao: Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Karatu ni nchi ya juu, na Ufipa yetu pia ni ya juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa hii nyepesi hukomaza pumzi ya mkimbiaji. Wageni huifuata kwa gharama, sisi tumezaliwa nayo.

Na mabinti? Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Yalikuwa mashindano ya wasichana wa chini ya miaka 17, rika lile lile tunalolifungia jikoni.

Basi twendeni shuleni tukae na walimu. Tukubaliane siku mbili kwa wiki, mwisho saa kumi na moja, mabinti warudi kwa kundi, na wiki za mavuno mazoezi yapunguzwe. Mwalimu akiyakataa hayo, mzuieni mtoto, nami nitawaunga mkono. Akiyakubali, jioni moja kabla ng'ombe hawajarudi, piteni uwanjani mkawatazame wakicheza.