Daftari la Wiki: Kutoka gulio hadi gulio

Katika njia ya mahujaji inayoanzia Le Puy-en-Velay, kwenye milima ya kati ya Ufaransa, watembeaji wakikutana huulizana mambo mawili: umetoka wapi, na leo unalala wapi. Mimi nimezoea kuongeza la tatu kila ninapoingia mjini, nikiwauliza wenyeji: gulio lenu ni siku gani? Hakuna anayesita kujibu. Figeac ni Jumamosi. Cahors ni Jumatano na Jumamosi. Moissac ni Jumamosi na Jumapili. Lectoure ni Ijumaa, Condom Jumatano, Eauze Alhamisi, Aire-sur-l'Adour Jumanne. Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees, ambako njia hii inaishia na ile ya kuvukia Hispania kwenda Santiago de Compostela inaanzia, ni Jumatatu. Ziandike siku hizo pembeni mwa ramani na utapata ratiba nyingine kabisa ya safari hii ya takriban kilomita 750. Kwa maoni yangu inaishinda ile ya vitabu vya mwongozo, ambavyo hupanga safari kwa kilomita na vitanda.

Wiki hii nimetembea kwa ratiba hiyo: Jumamosi Figeac, Jumatano Cahors, Jumapili Moissac.

*

Gulio la Figeac hukaa chini ya paa la chuma la karne ya 19, kisha likaenea kwenye vichochoro vya jirani. Mji huu ndiko alikozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, yule aliyefumbua maandishi ya Wamisri wa kale, na wageni wengi huja kwa ajili yake. Mimi nilikuja kwa ajili ya meza. Septemba ni mwezi wa neema hapa. Tini zimeiva, kokwa za jozi ndiyo kwanza zinaanguka, uyoga wa msituni unaletwa ukiwa bado na udongo na majani makavu, na matikiti ya Quercy, yale madogo ya mviringo yenye nyama ya rangi ya chungwa, yako ukingoni mwa msimu.

Mama muuza matikiti hakuniuliza nataka kilo ngapi. Aliuliza: "La kula mchana huu au la jioni?" Nikasema la jioni. Akainua moja, akatazama kwenye kikonyo, mahali ambapo ufa mwembamba hujizungusha tikiti linapokaribia kuiva, akaligeuza, akalinusa kitakoni, akalirudisha. La pili nalo akalirudisha. La tatu akanikabidhi, akaniambia nisilifungie ndani ya begi bali nilifunge juu yake, kwa kuwa joto la mgongo wangu lingeliivisha kupita kiasi kabla ya saa kumi. Nimenunua matunda tangu utotoni na sijawahi kuulizwa nitakula saa ngapi. Tikiti lile lilikuwa tayari jioni ile, kama alivyosema.

Kuna tatizo la uzito, sikatai. Wazoefu wa njia hii husema mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, na tikiti moja peke yake ni kilo nzima. Ndiyo maana mahujaji wengi hupita gulioni mikono mitupu, wakitazama tu. Lakini vipo vyakula vilivyo kana kwamba vimetengenezwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu. Rocamadour ni jibini ya maziwa ya mbuzi wa nyanda hizi, kiduara cha gramu 35 hivi, laini, kinachokaa katikati ya kiganja. Jina lake linalindwa kisheria tangu 1996. Viduara viwili, kipande cha mkate na tini chache ni chakula cha mchana kamili, na havizidi uzito wa shati lililolowa jasho.

Baada ya Figeac njia hupanda kwenye Causse, uwanda wa mawe ya chokaa ambako mvua ikinyesha huzama ardhini ikapotea. Mito ni nadra, na kijiji chenye duka ni cha kutafuta. Tena katika Ufaransa ya mashambani maduka mengi hufungwa Jumapili mchana na Jumatatu. Anayeondoka Figeac Jumamosi alfajiri ili awahi kilomita 30 za kwenda Cajarc anaiacha neema yote hiyo nyuma yake kabla haijapangwa mezani. Nimewaona jikoni, katika nyumba za kulala mahujaji, wakigawana biskuti na supu ya paketi. Gulio lilikuwa mlangoni mwao asubuhi ile ile.

Limogne-en-Quercy, mbele kidogo, wana gulio Jumapili. Ukisubiri la Figeac, hulipati la Limogne, kwa sababu katikati kuna mwendo wa siku mbili. Yote hayapatikani. Nilichagua la Figeac na ningelichagua tena.

*

Asubuhi, meza zikishapangwa, hupita mtu wa manispaa mwenye kitabu cha risiti. Ndiye anayegawa nafasi na kukusanya ushuru. Wafanyabiashara wa kudumu wana mahali pao panapojulikana mwaka mzima, na wengine husubiri hadi ionekane nafasi ipi imebaki wazi. Ushuru wenyewe hupimwa kwa urefu wa meza: mwenye mita mbili analipia mbili, mwenye mita kumi analipia kumi.

Nimesimama muda mrefu nikimtazama akifanya kazi yake. Nilikulia karibu na gulio ambako mama mwenye mafungu manne ya nyanya juu ya kanga alitozwa sawa na mtu aliyeshusha lori zima, tena kabla hajauza hata fungu moja. Hapa nilimwona bibi mmoja mwenye vikapu viwili vya mayai na mashada ya giligilani. Alilipa sarafu chache, akapewa risiti yake, mambo yakaisha. Kipimo cha mita ni kitu rahisi mno, kinahitaji kamba tu, na kinamtendea haki mdogo. Halmashauri zetu zina kamba.

Bei hapa huandikwa kwenye kibao na haijadiliwi. Nyongeza, hata hivyo, ipo. Ukinunua kwa mkulima mwenyewe na ukazungumza naye kidogo, tini moja ya ziada huingia kwenye mfuko bila kusemwa.

*

Sheria ya Ufaransa inamtaka muuza matunda na mboga mbichi aandike zimetoka nchi gani. Kwenye meza moja ya mchuuzi huko Cahors, kati ya nyanya za Hispania na viazi vya Ufaransa, nilisoma kibao: maharage mabichi, Kenya. Ni mishiri yetu. Imelala imenyooka, yote ya urefu mmoja, vichwa upande mmoja, kama penseli ndani ya boksi jipya. Wakulima wa Mwea na Machakos wanaijua kazi iliyo nyuma ya unyoofu huo: kuchuma kila baada ya siku chache, kuchambua, kutupa iliyopinda, kuwahi gari la kampuni jioni ili mzigo upande ndege ya usiku Nairobi.

Meza mbili mbele, mkulima wa hapa hapa alikuwa na maharage yake, yamepinda yanavyotaka, mengine mafupi mengine marefu, na watu walipanga foleni kwake. Yaliyopinda yalipendwa kwa sababu aliyeyalima amesimama nayo. Mkulima wa Mwea hana nafasi hiyo ya kusimama nayo, hivyo mzigo wake unahukumiwa kwa unyoofu peke yake. Nilimnunulia wa Cahors, lakini moyo wangu ulibaki kwenye meza ya kwanza.

*

Mto Lot unauzunguka mji wa Cahors pande tatu, na Jumatano meza hufika hadi mbele ya mlango wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Mji huu uliwahi kujulikana Ulaya nzima kwa fedha. Katika karne ya 13 wafanyabiashara wake walikopesha wafalme na maaskofu, na jina lao likawa baya kiasi kwamba Dante, alipoandika juu ya Jehanamu, aliutaja mji wao pamoja na Sodoma katika habari za riba. Mzaliwa wake mmoja, Jacques Duèze, alichaguliwa mwaka 1316 kuwa Papa Yohane wa 22. Siku hizi kinachouzwa uwanjani ni divai nyeusi ya Malbec, bata, vitunguu saumu na jibini, na wanunuzi wengi ni wazee wanaovuta vikapu vya magurudumu.

Mzee mmoja muuza vitunguu aliona ganda la kombe linaloning'inia kwenye begi langu, alama ya anayekwenda Santiago. Akaniuliza nimetoka nchi gani. Nilipomwambia, aliweka mizani chini. Akasema njia inapita karibu na kwake, tangu utoto anawaona watu wakipita, na yeye mwenyewe hajawahi kuitembea kwa sababu shamba haliachiki. Kisha akasema: "Ukifika, mwanangu, niombee." Akanitajia jina lake la ubatizo, akalirudia ili nilishike. Ni desturi ya zamani sana katika njia hii kwa asiyeweza kwenda kumtuma anayekwenda. Nimeliandika jina hilo katika daftari hili, ukurasa wa nyuma, na ombi lake nitalitekeleza.

Hilo ndilo linalonifanya niyatetee magulio. Katika nyumba za kulala mahujaji unakutana na mahujaji: Wajerumani, Wakanada, Wakorea, Wafaransa wa Paris, watu wema wote, wakizungumzia malengelenge na hali ya hewa. Unaweza kuivuka nchi nzima hivyo usimjue mtu wa hapo hata mmoja, ila aliyekupa funguo. Fedha yako nayo inaishia kwenye kitanda. Gulioni wewe ni mteja kama wengine, unapanga foleni, unasogezwa kwa kiwiko, na euro zako mbili zinakwenda mikononi mwa aliyeng'oa kitunguu jana jioni.

*

Kitabu cha karne ya 12 kinachojulikana kama Codex Calixtinus kina sehemu ya kumwongoza hujaji, na mwandishi wake alijali sana chakula. Anasema wapi maji yanaua farasi na wapi mkate ni mzuri. Estella, huko Navarra upande wa Hispania, anausifu kwa mkate, divai, nyama na samaki. Estella hadi leo wana gulio lao, kila Alhamisi. Nitapanga nifike siku hiyo.

*

Kusini mwa Cahors, nje kidogo ya njia, kuna Lalbenque. Majira ya baridi, kila Jumanne mchana, kijiji hicho huuza uyoga mweusi wa chini ya ardhi ambao mbwa na nguruwe huunusa kwenye mizizi ya mialoni. Wauzaji husimama na vikapu vyao upande mmoja wa kamba na wanunuzi upande wa pili. Mahujaji wengi hutembea kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kwa hiyo ni wachache wanaoliona gulio hilo. Anayetaka kuliona aje Januari, na aje na koti zito.

*

Moissac huwavuta watu kwa abasia yake, na wana haki. Ua wa watawa ulikamilika mwaka 1100, ukiwa na vichwa vya nguzo 76 vilivyochongwa. Juu ya mlango wa kusini wamechongwa wazee 24 wa Kitabu cha Ufunuo, kila mmoja na kikombe na ala yake ya muziki, shingo zao zimegeuka kumtazama Kristo aliye katikati. Nilikaa chini ya mlango ule hadi shingo yangu nayo ikauma.

Jumapili asubuhi gulio hukaa kwenye uwanja usio mbali na hapo, na Septemba linatawaliwa na zabibu moja: Chasselas. Ni zabibu ya kula, si ya divai, ndogo, ya rangi ya dhahabu, ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Jina lake linalindwa tangu 1971. Nilimwona mkulima ameshika shada kwa kikonyo, kamwe si kwa punje, kwa sababu kidole hufuta ule unga mweupe ulio juu ya ngozi, na unga huo ndio ushahidi kwamba tunda halijachezewa. Mkono wa pili ulikuwa na mkasi mdogo wenye ncha. Alikuwa anatoa punje moja moja: iliyopasuka, iliyodumaa, iliyochomwa na jua. Shada moja lilimchukua muda ambao wateja wawili walisubiri bila kulalamika. Nilinunua nusu kilo, nikaila yote pale pale ukingoni mwa uwanja, kengele za misa zikiita.

Mahujaji kadhaa walipita na mabegi wakielekea Auvillar, kilomita 20 na ushee. Mmoja tu alisimama.

*

Nawaandikia hasa wanaojiandaa kwenda Namugongo, Uganda, kwa miguu kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Najua parokia huanza mipango mapema: magari ya mizigo, dawa, mahali pa kulala. Ongezeni jambo moja kwenye mipango hiyo. Ulizeni kila mji mtakaoupitia gulio lake ni siku gani, mpange angalau mapumziko mawili au matatu yaangukie siku hizo, na fedha za chakula za siku hiyo zitumike kwa wakulima wa pale, si kwenye mikate iliyobebwa kutoka nyumbani.